Ufunguo wa pili ulikua unakaa ofisini

Mhariri,

Naandika juu ya ile barua ya msomaji wenu iliyotoka wiki juzi, yule aliyesema ati mwanamke akishavaa yunifomu ya jeshi ashajua anaingia wapi, na akiguswa asikuje kulia kwa magazeti. Niliisoma nikiwa kwa kinyozi hapa Kahawa Wendani. Nikairudia mara mbili mpaka kinyozi akaniuliza mzee mbona umenyamaza hivyo, nikamwambia endelea tu na kazi. Gazeti lilikua lake, nikalinunua, nikarudi nalo nyumbani, na tangu hiyo siku usingizi umekua wa kuokota okota. Huyo msomaji mimi simchukii. Ni vile maneno yake nayajua, niliwahi kuyasema kwa mdomo wangu kwa mtu aliyekua amesimama mbele yangu.

Mimi ni sajini mstaafu. Nilitumikia jeshi miaka 24 na nyingi kati ya hizo nilikua stoo, mtu wa kuhesabu magodoro, blanketi, mabuti, sufuria na kufuli. Watu wanadhani jeshi ni bunduki, jeshi ni daftari bana. Kitu haitoki stoo bila kuandikwa nani amechukua, ngapi, tarehe gani, na sahihi. Kambi yenyewe sitaitaja, na wale wa kunijua wakidhani wamejua ni gani wakae nayo.

Kulikua na askari mmoja wa kike, praiveti, msichana wa miaka 23 hivi, mtu wa kazi, kwa shabaha alikua anashinda wanaume wengi na kwa mbio usiseme. Siku moja akaja stoo kuomba kufuli. Nikampa, nikaandika kufuli 1. Wiki mbili hazijaisha amerudi, kufuli tena. Nikamtania nikamwambia kwani unaziuza Gikomba? Akacheka kidogo, nikaandika kufuli 1. Sasa mjue hizo kufuli zetu zilikua zinakuja na funguo mbili, moja unapewa wewe na ya pili inaenda ofisini inatundikwa kwa ubao wa misumari yenye namba, ndio kukitokea moto ama mtu akienda likizo chumba kifunguliwe. Na wa kupeleka hiyo ya pili alikua nani? Mimi. Nilikua nautundika kwa mkono huu ninaoandikia.

Mara ya tatu alikuja jioni nikiwa karibu kufunga. Akachukua kufuli na hakuenda. Alikua anazungusha kifungo cha mkono wa shati, anazungusha anazungusha mpaka uzi ukaanza kutoka, na mimi naangalia huo uzi nikifikiria tu kwamba kesho kwa paredi huyu atafokewa. Halafu akauliza, "Afande, hii mara naweza kaa na funguo zote mbili?" Nikamwambia hapana, hiyo ni oda, sio mimi niliiweka. Hapo ndio aliniambia. Sentensi kama nne tu. Jina hakutaja lakini alisema ni mtu wa ofisi wa zamu ya usiku, na zamu ya usiku sote tulikua tunajua ni ya nani.

Sasa wacha niandike nilichojibu. Nilimuuliza, umeambia nani mwingine? Nikamuuliza una uhakika lakini? Halafu nikamwambia, kwa sauti ya baba kabisa, nikijiona nina hekima, "Wewe ni askari mzuri, usiharibu kazi yako na hiyo maneno, omba tu uhamisho." Akasema sawa afande. Kesho yake asubuhi ule ufunguo wa pili nikaupeleka ofisini.

Aliomba uhamisho kweli, akapewa, na baada ya miaka 2 nikasikia ameacha jeshi. Mimi nikaendelea kuhesabu blanketi mpaka nikastaafu. Ukweli ni kwamba nilimsahau, na sitaki mtu anipe sifa ati ilinisumbua miaka yote, haikunisumbua.

Iliyonifungua macho ni simu. Binti yangu ni nesi huko Marekani, jimbo la Minnesota, anafanya na maveterani, yaani wanajeshi waliotoka. Jumapili moja tukiongea kwa WhatsApp akaniambia Baba, huku kila mwanajeshi mstaafu anayekuja kwa idara yetu, awe mwanaume awe mwanamke, hata kama amekuja kwa sababu ya goti, lazima aulizwe maswali mawili. La kwanza, ukiwa jeshini kuna mtu alikusumbua kingono bila wewe kutaka, kwa kukushika, kukubana pembeni ama maneno? La pili, kuna mtu alitumia nguvu ama vitisho kukulazimisha? Basi. Na kati ya wanaoulizwa, mwanamke 1 kwa kila 3 anasema ndiyo, na mwanaume 1 kwa kila 50. Nikamwambia hiyo ya wanaume umekosea. Akaniambia hajakosea, na nikumbuke wanaume jeshini ni wengi mara nyingi zaidi, kwa hivyo hiyo 1 kwa 50 ukiihesabu vichwa ni jeshi zima.

Huko wana jina lake kabisa, wanasema kiwewe cha kingono cha jeshini, na Idara ya Maveterani inalitibu bure. Sikiza hiyo bure vizuri. Haihitaji uwe uliripoti wakati huo. Haihitaji karatasi, haihitaji shahidi, haihitaji kesi, hata kama imepita miaka 40. Unasema ilitokea, unatibiwa, mazungumzo na mtaalamu vikao kama 12 hivi kwa njia moja wapo wanayotumia, dawa kama zinahitajika, na kila hospitali yao kuna mtu maalum wa kushughulikia hayo. Ilianza kwa sheria ya 1992, kwanza kwa wanawake, wanaume wakaongezwa 1994.

Na haikushuka kutoka mbinguni. Mwaka wa 1991 marubani wa jeshi la majini walikutana kwa hoteli moja Las Vegas, ule mkutano unaitwa Tailhook, na wachunguzi wa wizara ya ulinzi wakaja kupata kwamba wanawake 83 na wanaume 7 walishambuliwa kingono. Mmoja wao, Luteni Paula Coughlin, rubani wa helikopta, alimwambia mkubwa wake asubuhi yake. Mkubwa akaichukua kama kawaida tu ya marubani wakilewa. Ilibidi huyo mama atoke kwa umma na jina lake na uso wake ndio mambo yaanze kusonga, na mkubwa wake naye akaja kuondolewa kwa wadhifa. Binti yangu akiniambia hii stori hakujua anamwambia nani. Nilikohoa nikasema mtandao unasumbua nikakata simu.

Kuna kitu kingine alinieleza siku nyingine, na hii ndio ilinikalisha chini. Mwanajeshi wa huko akiomba fidia kwa sababu ya hicho kiwewe na hana ripoti yoyote, sheria yao inakubali kutafuta alama. Alama ni nini? Ni barua ya kuomba uhamisho ghafla. Ni mtu aliyekua anafanya kazi vizuri akashuka bila sababu. Ni kipimo cha mimba. Ni kuanza pombe. Ni maneno ya mwenzake wa chumba, ya dada yake, ya padre. Wanajua kwamba aliyeumizwa hasemi, kwa hivyo wanasoma alichofanya. Nikakaa na hiyo kwa kiti mpaka mama watoto akaja kuniuliza kama nitakula. Kwa daftari langu, kwa mwandiko wangu, kulikua na kufuli 1, kufuli 1, kufuli 1, jina moja, mwezi mmoja na kitu. Mtu mwingine wa hiyo bloki ya vyumba hakuna aliyechukua hata 2 mwaka mzima.

Msomaji wenu anauliza kama ni kweli mbona hawasemi mara moja. Bwana, wewe umewahi kuishi kambini? Mtu akikutendea hivyo mtaani unaweza kuhama Umoja ukaenda Kitengela. Kambini mnakula meza moja, usiku mmepangwa lindo pamoja, na pengine yeye ndiye anaandika hiyo orodha ya lindo. Anaandika na ripoti yako ya mwaka. Anasema nani anaenda kozi na nani anaenda misheni. Halafu jeshi limekufundisha tangu ukuruta kwamba huyu aliye kando yako ndiye atakubeba ukipigwa risasi, ni ndugu kuliko ndugu, sasa huyo ndugu ndiye amekufanyia, utaanzia wapi kusema? Binti yangu anasema ndio maana kinauma tofauti na kikikaa kinageuka ndoto mbaya, hasira, kushtuka ukiguswa bega, kulewa ili ulale.

Na tuongee juu ya masaa. Kila mtu Kenya anafaa kujua hii hata kama hajawahi kuona kambi. Mtu akibakwa, dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zinafanya kazi zikianza ndani ya masaa 72, mapema iwezekanavyo, na za kuzuia mimba ndani ya masaa 120. Asioge kabla ya kupimwa, nguo asifue, aziweke kwa bahasha ya kaki ama gazeti, sio mfuko wa plastiki juu zinaoza na ushahidi unapotea. Hospitali za umma matibabu hayo kisheria ni bure, na daktari anajaza fomu ya PRC, ile ya matibabu ya aliyebakwa. Na hapa ndio muhimu, huhitaji kupita polisi kwanza. P3, ile fomu ya polisi ya kesi, inaweza kuja baadaye, inaweza isije. Unatibiwa kwanza kama mtu aliyeumia. Kuna na laini ya bure ya 1195, mchana na usiku.

Sasa chukua huyo askari wangu wa stoo. Kutoka getini anahitaji pasi. Pasi inasainiwa na mtu. Huyo mtu anauliza unaenda wapi na una shida gani. Kuona daktari wa kambi asubuhi kuna foleni, na kuna koplo anaandika majina na ugonjwa, na kufikia saa nne chai ya kantini inanyweka na hizo habari. Masaa 72 yanaisha mtu bado anatafuta uongo wa kuandikia pasi. Kwa hivyo raia wa Githurai, muuza mboga, ana milango miwili, wa matibabu na wa kesi, anaweza kuingia huu bila ule. Askari anayemlinda huyo muuza mboga anajikuta na mlango mmoja, na kwa huo mlango amesimama bosi.

Hiyo tu ndio nataka kusema, Mhariri, hayo mengine yote ni kuzunguka. Milango itenganishwe. Askari aweze kumwambia mtu ambaye hayuko kwa mstari wa amri, daktari ama kaunsela ama padre ama imamu, atibiwe, apumzike, na kamanda asiambiwe jina lake mpaka yeye mwenyewe aseme sasa niko tayari. Wamarekani walianza hivyo 2005. Ukichagua ripoti ya siri unapata daktari na mtu wa kukushika mkono, kamanda anaambiwa tu kwamba kitu kimetokea bila jina, na siku ukibadilisha mawazo unaifanya ripoti ya wazi na uchunguzi unaanza. Yaani funguo zote mbili unabaki nazo. Kuna watu watasema hiyo ni kuficha wahalifu. Nilifikiria hivyo pia. Lakini mhalifu wa kambi yetu hakufichwa na siri ya huyo msichana, alifichwa na mimi niliyeambiwa wazi nikasema omba uhamisho.

Waswahili wanasema mficha uchi hazai, na kuna wazee wa rika langu wanapenda kuwarushia wasichana hii methali, ati kama una shida si useme. Sawa, lakini mama anayezaa anajifunua mbele ya mkunga, hajifunui kwa baraza la chifu.

Msidhani ninawasifu Wazungu ati wamemaliza. Hawajamaliza kitu. Mwaka wa 2020 msichana wa miaka 20, Vanessa Guillén, aliuawa na askari mwenzake ndani ya kambi ya Fort Hood huko Texas, na uchunguzi wa jeshi lenyewe ukaja kukubali kwamba kabla ya hapo msimamizi wake, mtu mwingine tofauti na muuaji, alikua amemsumbua kingono na viongozi waliambiwa wasifanye kitu. Ilichukua hicho kifo ndio sheria ibadilike, na tangu Desemba 2023 uamuzi wa kushtaki makosa kama ubakaji umetolewa mikononi mwa makamanda ukapewa waendesha mashtaka wa kujitegemea. Uingereza nako, Jaysley Beck, miaka 19, alishikwa kwa nguvu na sajini meja mwaka wa 2021. Yeye aliripoti, alifanya kila kitu ambacho msomaji wenu anataka wafanye, na alicholetewa ni barua ya kuombwa msamaha. Polisi hawakuitwa. Desemba ya mwaka huo huo alijitoa uhai kambini Larkhill, na mwaka wa 2025 mchunguzi wa vifo akasema makosa ya jeshi yalichangia. Barua ya msamaha! Niliposoma hapo niliona aibu ya kikazi, juu najua kabisa meza ambayo barua kama hiyo inaandikiwa, najua hata aina ya faili.

Na asije mtu akasema hao ni watoto wadogo wasiojua kujitetea. Martha McSally alikua kanali, mwanamke wa kwanza Marekani kurusha ndege vitani, akawa seneta. Machi 2019 akiwa kwa kamati ya Seneti akasema alibakwa na mkubwa wake jeshini na akanyamaza miaka mingi, na alipojaribu kusema, jinsi alivyoshughulikiwa ilikua kama kubakwa mara ya pili. Sasa kama kanali wa ndege za kivita alinyamaza, praiveti wa miaka 23 mbele ya mzee wa kufuli angefanyaje?

Ya wanaume nitasema kidogo tu. Ninajua mmoja, tulikua kundi moja. Alikufa kwa pombe akiwa na miaka 41 na kwa matanga kila mtu alisema ni pombe.

Sheria hatukosi. Sheria ya Makosa ya Kingono iko tangu 2006 na inasema wazi kwamba mtu akitumia mamlaka yake mpaka mwenzake ashindwe hata kuonyesha kwamba anakataa, huko sio kukubali. Na Katiba, kifungu cha 24, kweli inaruhusu haki fulani za askari zipunguzwe, faragha, kujiunga na vyama, kuandamana, mambo ya kazi na zingine chache zimetajwa moja moja. Nimeisoma hiyo orodha na miwani na bila miwani. Heshima ya utu haimo. Haki ya kutodhulumiwa mwili wako haimo. Kwa hivyo mtu akikuambia ukivaa yunifomu umesaini kila kitu, mwambie akuonyeshe ilipoandikwa.

Nakumbuka pia zamani wanawake walikua na kikosi chao, kilianza 1971, na mwaka wa 1999 kikavunjwa wakaingizwa kwa vikosi vyote pamoja na sisi. Ilikua haki yao na imezaa matunda, leo tumeona Meja Jenerali Fatuma Ahmed akipewa kamanda wa Jeshi la Anga mwaka wa 2024 na mimi nilipiga makofi peke yangu sebuleni. Lakini sisi wa stoo hiyo mwaka tuliletewa nini? Tuliletewa saizi mpya za mabuti. Hakuna mtu alikuja kutufundisha, nyinyi masajini, akija mmoja akawaambia hivi, mjibu hivi. Tulifundishwa kufunga kidonda cha risasi gizani. Kumsikiliza mtu hatukufundishwa hata nusu saa.

Nimemuuliza binti yangu ningesema nini. Akasema Baba, ni maneno machache: pole, nakuamini, uko salama sasa hivi? Halafu, ungetaka tufanye nini? Na nyamaza. Usiulize alikua amevaa nini, usiulize kwa nini hakupiga kelele, usimwahidi siri ambayo kazi yako haitakuruhusu kuiweka, mwambie mapema kama kuna kitu lazima uripoti ndio achague aseme ama asiseme. Inachukua dakika mbili. Mimi kuandika kufuli kwa daftari ilikua inanichukua tatu.

Mwaka jana, kabla ya hizo simu za binti yangu, yule askari wa kufuli alinipigia. Namba alipewa na mtu wa DEFOCA, kile chama chetu cha wanajeshi wa zamani, akasema Afande ni mimi, nikajifanya nimemtambua. Tulikutana kwa hoteli moja Roysambu, ya chapati na maharagwe. Amenenepa kidogo, ana duka la vifaa vya kushona, ana mtoto kidato cha 2. Alichagua kiti cha kuangalia mlango na alinihamisha mimi upande mwingine bila kusema kwa nini. Tuliongea juu ya bei ya nyuzi, juu ya matatu za Thika Road, juu ya nani amekufa. Chai ikapoa. Ndipo akauliza, "Afande, unakumbuka zile kufuli?" Nikasema nakumbuka. Ilikua uongo, nilikumbuka vile aliitaja, yote ikaja kwa mara moja na ule uzi wa shati.

Nilimwomba msamaha. Hakusema amenisamehe na sikutegemea. Aliniambia amekua akienda kwa kaunsela miezi kadhaa, analala sasa masaa matano, zamani ilikua mawili. Kesi hataki, amechoka, na huyo mtu ashakufa kwa ajali. Kitu moja tu alikua anataka. Kwa miaka yote amekua akijiuliza kama aliota, juu hakuna mahali popote duniani imeandikwa, na mtu wa pekee aliyeona hata pembe yake ni mimi. Akaniuliza kama ninaweza kuandika.

Nikaandika. Ilinichukua wiki nzima na kurasa mbili. Niliandika tarehe vile nilivyoweza kukumbuka, kufuli tatu, ubao wa misumari, alichoniambia, na nilichomjibu, neno kwa neno, hiyo ya kuharibu kazi pia iko. Nikaenda kwa wakili mmoja mjini, kamishna wa viapo, akagonga mhuri kila ukurasa akaniangalia juu ya miwani bila kuniuliza kitu. Hii barua pia ameisoma kabla sijaituma, amefuta mahali pawili, na hapo pawili nyinyi hamtajua.

Tulipokutana tena nilimpa ile bahasha. Alizihesabu, akaona ni nakala mbili, akaniuliza na hii ya pili ni ya ofisi gani. Nikamwambia hakuna ofisi, zote ni zako. Akafungua mkoba, akaziweka ndani, akafunga zipu, tukaagiza chai nyingine.

Sajini mstaafu (jina nimewapa, msilichapishe),
Kahawa Wendani, Kiambu